Shingo ya Kibii na Sindano Isiyo na Dawa

Hebu mwone kwanza akija. Mlango wa kliniki ni mwembamba, mlango wa nyumba ya kawaida ya mtaa wa Section 58, Nakuru, ambayo sebule yake imegeuzwa kuwa mahali pa kungojea. Mlangoni anatokea mwanaume mrefu, miaka hamsini na kitu, koti la kaki, gambuti zimepanguswa kwa nyasi lakini visigino bado vimebeba udongo wa Rongai. Kuna mama ameketi kwenye benchi upande wa kulia, naye anataka kumsalimia. Mtu mwingine angegeuza kichwa tu. Huyu anageuka mwili wote, miguu, kiuno na mabega, kichwa kimesimama palepale juu ya koti, kama kabati linalosukumwa na watu wawili.

"Habari ya asubuhi, mathe," anasema. Kisha anajirudisha vilevile, polepole, mpaka anaangalia mbele tena.

Huyo ndiye Kibii.

Kama ulilima upande wa Rongai miaka ile, ulimjua hata kama hukumjua jina. Alikuwa dereva wa trekta ya Mzee Kosgei, ile nyekundu ya zamani inayokohoa kabla ya kuamka. Mistari ya Kibii shambani ilikuwa imenyooka hivi kwamba watu waliosimama barabarani walisema ni kama mtu aliichora kwanza kwa kamba, halafu trekta ikafuata.

Ngoja nikueleze kazi yenyewe kidogo, kwa sababu shida ilitoka humo. Anayelima na trekta haangalii mbele sana. Mbele kuna nini? Shamba tu. Kazi iko nyuma, kwenye plau, pale udongo unapopinduka. Gurudumu la kulia linatembea ndani ya mtaro uliokwisha kulimwa, na dereva anatazama nyuma kupitia bega la kulia, aone kama plau inakwenda sawa au imekwama kwenye kisiki. Ni bega la kulia kila siku, msimu baada ya msimu. Kibii alianza akiwa kijana. Ukimwambia ameishi nusu ya maisha yake akitazama nyuma, hatakukatalia.

Sasa mwaka ule wa 2008 mashamba yalichelewa. Sababu unaijua, zile fujo za baada ya uchaguzi, nami sitaichokora. Januari na Februari Kibii alilala akiwa ameketi, kwenye kiti kando ya zizi, blanketi begani na masikio wazi. Hali ilipotulia na mvua ya Aprili ikashuka, kila mwenye shamba alitaka kulimiwa wiki hiyo hiyo. Kibii akapanda trekta jua likichomoza na kushuka likizama. Asubuhi moja akaamka, akataka kugeuka kumwambia mkewe jambo, shingo ikakataa. Kushoto ilikwenda. Kulia ilifika mahali ikasimama kama ng'ombe aliyeona daraja.

Alimwambia nani? Hakumwambia mtu. Alikunywa chai akaenda kazini.

Siku chache hivi alijikaza. Badala ya kugeuza shingo aligeuza mwili mzima kwenye kiti, na aliposhindwa alikisia. Kukisia ndiko kulikomponza. Alikuwa amefika mwisho wa shamba, anarudi nyuma ili aipange plau kwenye mstari mpya, na Mzee Kosgei, mwenye trekta, alikuwa ameinama kule nyuma upande wa kulia akichomoa nyasi zilizojisokota kwenye chuma. Kibii hakumwona. Plau ikamshika koti, ikalivuta, na mzee yule mwenye tumbo lake akaruka kama mbuzi.

"Kibii! Unataka kunipanda pamoja na mahindi?"

Kibii akazima injini. "Sikukuona, mzee."

"Hukuniona? Mimi niko mkubwa kama ghala!"

"Pole, mzee."

"Hebu geuka uniangalie."

Kibii akageuka, kabati zima. Kosgei akamtazama vile mtu anavyotazama ng'ombe wake mzuri akichechemea.

"Hii ilianza lini?"

"Ni kitu kidogo tu."

"Kitu kidogo karibu kinitoe mguu. Sikia, Kibii, mimi nakuheshimu. Lakini mtu asiyeona nyuma hawezi kuendesha trekta yangu. Kesho atamuua mtu, na huyo mtu si lazima awe mimi. Pumzika. Jumatatu ukipanda hapo shingo ikiwa inageuka, kazi ni yako. Isipogeuka, kuna dereva wa Njoro ananipigia simu kila siku."

Hayakuwa maneno ya ukali, na hilo ndilo lililomwingia Kibii. Hasira ya Kosgei aliizoea, ilipita kama mvua ya mawe. Maneno ya upole ya Kosgei yalikuwa hukumu. Kibii hakujua kazi nyingine, na katika umri ule hakuna anayekukalisha chini kukufundisha mpya.

Mkewe, Chepngeno, ndiye aliyepata njia. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye kicheko kikubwa, na alikumbuka kwamba Shabir, mwenye duka la spea mjini ambako Kibii hununua mikanda na filta, aliwahi kuumwa mgongo mpaka akawa anahudumia wateja akiwa amelala kwenye maboksi. Akapona. Aliponea wapi? Wakampigia. Shabir akasema, "Nenda kwa Shital, Section 58. Mwambie nimekutuma. Na usiogope sindano."

Kusikia sindano, Kibii akafurahi. Wewe unajua watu wetu. Vidonge ni vya watoto, sindano ndiyo matibabu. Mtu akitoka hospitali bila kudungwa anahisi amesalimiwa tu.

Ndivyo alivyofika pale mlangoni siku ya Jumatano.

Shital alikuwa msichana wa Nakuru, mtoto wa wenye duka la mablanketi, aliyekwenda kusomea tiba ya misuli nje ya nchi akarudi nyumbani. Kiswahili chake kilikuwa kile cha mjini, hakina wasiwasi.

"Karibu, mzee. Uko na shida gani?"

"Hakuna shida. Ni shingo."

"Inauma?"

"Hapana. Imekataa tu."

Akamuuliza maswali mengi. Ulianguka? Mikono inakufa ganzi? Una homa? Kuna dawa ya damu unayokunywa? Yote hapana. Akamwambia ageuke kushoto, akageuka. Akamwambia ageuke kulia, na pua ya Kibii ikatembea kidogo sana, ikasimama. Uso haukubadilika hata kidogo. Ungedhani amesimama kwa sababu amependa kusimama hapo.

Kisha Shital akamwonyesha sindano. Ilikuwa nyembamba kama unywele wa mkia wa farasi, mpya, ndani ya karatasi yake. Kibii akaitazama, akatazama meza, akatazama tena sindano.

"Dawa iko wapi?"

"Hakuna dawa."

"Imeisha?"

"Haijaisha, mzee. Haikuwepo."

"Sasa utanidunga nini? Hewa?"

"Hata hewa hakuna. Hii sindano haina tundu. Ni waya tu."

Moyoni Kibii alisema, Shabir, wewe umenituma wapi?

Shital akavuta kiti. "Mzee, umeona kamba ya mkonge iliyonyeshewa ikakauka na fundo ndani? Ukiivuta haifunguki, inazidi kukaza. Msuli wako uko hivyo. Umevutwa upande mmoja miaka mingi mpaka umefanya mafundo. Sindano hii inaenda mpaka kwenye fundo lenyewe, inaligusa, msuli unashtuka, halafu unaachilia. Lakini mafundo yako mengi. Mengine hayana neno. Kuna moja au mawili ndiyo yamekufunga, na mwenye kuyajua ni wewe. Nitabonyeza. Nikifika pale penye shida yako, uniambie, hapo."

Akaanza kubonyeza. Bega la Kibii lilikuwa gumu kama mbao ya kitanda.

"Hapa?"

"Hakuna."

"Hapa?"

"Hakuna."

Kidole gumba cha Shital kikaangukia kitu kama punje ya mahindi chini ya ngozi. Akakibonyeza sawasawa. "Hapa je?"

"Endelea tu na kazi yako."

"Mzee, haiumi kweli?"

"Niko sawa."

Akapita bega lote, akapita shingo, akarudia. Alipata punje hapa, punje pale, na kila mahali jibu lilikuwa hilo hilo. Mwishowe akaiweka sindano chini bila kuifungua.

"Siwezi kuchoma kwa kubahatisha," akasema. "Wewe hulimi ukiwa umefumba macho." Hakujua alivyomgusa. Akamkanda, akamwekea taulo la moto, akamfundisha kunyoosha shingo, akamwambia arudi Jumamosi. "Na ukirudi, mzee, uje na maneno."

Sasa usimcheke Kibii upesi. Alikuwa kijana alipopangwa mstari mmoja na wenzake asubuhi ya baridi kutahiriwa, wanaume wamesimama mbele wakitazama macho ya vijana, wala si kisu. Jicho likipepesa, hutaaibika peke yako, utamwaibisha na baba yako. Kibii hakupepesa. Tangu siku hiyo alikuwa amepigwa teke na ng'ombe akavunjika ubavu, amepondwa kidole na mnyororo, na hakuna aliyemsikia. Na sasa msichana wa umri wa bintiye anamwambia aseme "hapo"! Kwake hiyo ilikuwa sawa na kulia.

Nyumbani Chepngeno alikuwa anangoja.

"Amekudunga?"

"Hajanidunga."

"Kwa nini?"

"Anataka nimwambie panapouma."

"Nawe ukamwambia?"

"Nilimwambia hakuna."

Chepngeno akaweka mwiko chini. "Wewe Kibii, ulienda kutibiwa ama ulienda kutahiriwa mara ya pili?"

Kibii akatazama moto.

"Nakuuliza! Kuna wazee walikuwa wamesimama hapo Section 58 wanakuangalia macho? Yule msichana angekwambia umekuwa mwanaume, akupatie ng'ombe?"

"Wacha, mama."

"Siwachi. Jumatatu ni ya nani? Dereva wa Njoro atakuja kupanda trekta, wewe utakaa hapa nyumbani ukiwa shujaa. Shujaa wa kuangalia mbele!"

Akacheka kile kicheko chake, lakini usiku alipoamka kumfunika Kibii blanketi hakuwa anacheka. Alikuwa anaogopa kuliko yeye.

Jumamosi walienda wawili. Kibii alilala kifudifudi kwenye kitanda cha kliniki, uso ndani ya tundu la kupumulia lililotobolewa kitandani, mgongo wazi. Shital akaanza tena. Hapa? Hakuna. Hapa? Hakuna. Ungedhani ni wimbo.

Chepngeno alikuwa ameketi upande wa miguu. Akainuka, akamvuta Shital kwa shati, akamnong'oneza, "Daktari, usimwulize yeye. Wewe bonyeza tu."

"Nitajuaje?"

"Mimi nitakwambia. Uso wa huyu mtu ulifundishwa. Mguu haukufundishwa."

Ni kweli. Wale wanaume wa zamani walitazama macho, wakasahau chini. Chepngeno alikuwa mke wa Kibii miaka mingi, alimkanda ule ubavu, alikuwepo siku alipong'olewa jino. Alijua kwamba Kibii akiumia kweli, uso unabaki jiwe, lakini kidole gumba cha mguu wa kushoto kinajikunja kama mtoto anayejificha ndani ya shuka.

Shital akatabasamu, akarudi begani. Akabonyeza juu. Chepngeno akatikisa kichwa. Akasogea kidogo. Kichwa kikatikiswa. Akapanda pale msuli unapoacha bega kuelekea shingoni.

"Hapo!" akasema Chepngeno.

"Hapo nini?" akauliza Kibii kutoka ndani ya tundu.

"Wewe lala. Hatuongei na wewe."

Shital akajaribu tena pale pale. Kidole kikajikunja. Akatafuta fundo lingine, karibu na pembe ya juu ya mfupa wa bega. Kidole kikajikunja mpaka soksi ikafanya makunyanzi.

"Hapo tena! Hapo ndipo kabisa!"

Shital akapangusa ngozi kwa pamba yenye spiriti. Akaushika msuli kwa vidole na kuuinua, kama unavyoshika ngozi ya ndama shingoni. "Nauinua hivi kwa sababu chini yake kuna pafu," akamwambia Chepngeno, "na pafu halitaki mgeni." Akachoma. Kibii hata hakujua imeingia. Sindano ikashuka polepole, ikatafuta, ikagusa.

Bega likaruka.

Liliruka lenyewe, kwa ghafla, kama samaki aliyevutwa nje ya maji. Chepngeno akashika mdomo. Shital akasema "vizuri", sindano ikagusa tena, likaruka tena, kidogo zaidi. Halafu likatulia.

Kisha sauti ya Kibii ikatoka ndani ya tundu, ndogo sana.

"Nimeshtuka."

"Hapana, mzee."

"Nimeshtuka. Nimesikia mwenyewe."

"Msuli ndio umeshtuka. Hilo ndilo nililokuwa natafuta tangu Jumatano. Wewe umelala kimya kabisa. Msuli haukuomba ruhusa yako."

Kibii akalifikiria jambo hilo kwa muda. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba kuna sehemu ya mwili wake inayoweza kuruka bila yeye kulaumiwa. Shital alikuwa tayari ameshika fundo la pili. Kabla hajabonyeza, sauti ikasema tena, kwa shida, kama gari linalotolewa matopeni.

"Hapo... sogea juu kidogo."

Chepngeno akaketi. Kazi yake ilikuwa imekwisha.

Shital alipomaliza, alitupa sindano kwenye boksi lake la njano, akaweka taulo la moto, akangoja. Kisha akamkalisha. "Geuka kulia. Polepole. Usilazimishe."

Kibii akageuka. Pua ikafika pale ilipokuwa ikisimama. Ikapita. Akaona dirisha, akaona kalenda ukutani. Akaendelea, akaona mlango, akamwona mkewe amesimama kando ya mlango na leso mkononi.

"Mbona unalia?"

"Silii. Ni mafua."

Kibii akapumua. Nadhani hakuwa amepumua hivyo tangu Desemba. Ile pumzi ilitoka mbali, mabega yakashuka nayo, na Shital akageukia dirisha akajifanya anapanga taulo, kwa sababu kuna mambo mtu anastahili kuyafanya bila kutazamwa.

Halafu akawaambia ukweli, maana hakuwa mtu wa kuuza miujiza. Kesho bega litauma kama lililopigwa, wasiogope, likandwe kwa maji moto. Lakini akianza kupumua kwa shida au kifua kimbane, wasingoje, wakimbie hospitali. Kunyoosha shingo ni kila siku, la sivyo mafundo yatarudi. Kila anapomaliza mistari kadhaa, ashuke atembee. Na kwa nini trekta haina kioo? "Si kila mtu hufunguka haraka hivi," akaongeza. "Wengine hurudi mara nyingi, wengine haiwasaidii. Kwa hivyo usiende Rongai kunitangaza kama mganga."

Walipita kwa Shabir wakachukua kioo cha pembeni cha lori. Kibii akakifunga kwenye trekta kwa waya Jumapili baada ya kanisa, bega likimuuma sana, na Chepngeno alipomwuliza kama linauma, akajibu, "Ndiyo. Hapa." Chepngeno akamtazama kama aliyesikia jogoo akiongea.

Jumatatu Mzee Kosgei alikuja shambani kabla ya umande kukauka. Hakusalimu. Alimngoja Kibii apande, akazunguka nyuma upande wa kulia, mbali kidogo na plau maana si mjinga, akainua mkono.

"Vidole vingapi? Na usitumie hicho kioo!"

Kibii akageuza shingo. Shingo tu, mabega yametulia.

"Viwili, mzee. Na kucha ni chafu."

Kosgei akacheka mpaka akashika magoti. "Washa!" akasema. "Washa, twende kazi!"

Trekta ikakohoa, ikaamka. Kibii akalima mstari wa kwanza akitazama nyuma, mbele, nyuma, udongo mweusi ukipinduka na ndege weupe wakishuka kufuata minyoo. Ule mstari ulikuwa umenyooka. Alipofika mwisho alishuka kama alivyoambiwa, akatembea kidogo, akanyoosha shingo huku na huku, na wapita njia wakidhani anatafuta kitu kilichoanguka.

Saa ya chai walikaa kwenye nyasi, Kosgei akamimina kutoka kwenye thamosi.

"Kibii, kuna jambo. Kijana wangu anaingia jandoni Desemba. Nataka uwe wewe wa kumfundisha. Nataka mtu asiyeshtuka."

Kibii akapokea kikombe. Ni heshima kubwa, haikataliwi.

"Na ni kijana mzuri," Kosgei akaendelea. "Juzi alianguka na baiskeli. Mkono ukavimba, akauficha ndani ya sweta, hakutwambia hata neno. Mimi nilijivunia."

"Na mkono sasa?"

"Bado haunyooki vizuri. Lakini hajalia."

Kibii akanywa chai yake. Akasema, "Peleka mkono hospitali kwanza. Huyo kijana nitamfundisha."

Wakarudi kazini. Na mimi tangu siku niliposikia hadithi hii nimekuwa nikijiuliza, sasa nakuuliza wewe. Desemba ile, yule kijana alipoketi mbele ya Kibii akisubiri kuambiwa mwanaume ni nani, ungekuwa Kibii, ungeanza na neno gani?